Jogoo wa Rulenge

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, Ngara ina baridi ambayo sisi watu wa Tanga hatukuumbiwa. Ukungu umelala mabondeni, migomba ya chini haionekani, na pale stendi kila mtu amejikunyata akisubiri gari lijae. Ijumaa ile ya mwaka 2024 nilikuwa nimevaa koti la kuazima. Mfukoni nilikuwa na viazi vitamu viwili vya kuchemsha, na chini ya shati, kiunoni, nimechomeka daftari jekundu.

Daftari la kijani nililiacha kituoni. Hilo ni la watoto: mahindi, sabuni, sare, dawa, nani kaleta nini. Jekundu nililinunua mwezi wa Mei, siku ile dada yangu aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam akasema majibu ya mama yametoka. Niligawa kurasa zake kwa mstari katikati, kushoto ahadi, kulia fedha iliyofika. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kwamba upande wa kushoto hujaa haraka.

Kule kwetu Muheza mama akiulizwa mwanawe yuko wapi hujibu, "Yuko Burundi, analea mayatima." Nimemweleza mara nyingi kwamba Ngara ni Tanzania, ina mkuu wa wilaya na mbunge kama Muheza. Hakubali. Mahali unakofika kwa siku mbili za basi, watu wanasema lugha usiyoijua, na ukisimama kilimani unaona milima ya nchi nyingine, kama si nje ni nini? Na kweli Kihangaza ukikisikia sokoni utadhani Kirundi; wenyewe wanaelewana na wenzao wa ng'ambo bila mkalimani, mkalimani ninamhitaji mimi. Nilikuja kwa njia ya kanisa. Mama ni Mwanglikana wa Magila, na makao ya Dayosisi ya Kagera yako Murgwanza, nje kidogo ya mji wa Ngara. Mtu wa kanisa akamwambia mtu wa kanisa, nikaja kusaidia kwa miezi sita. Huu ni mwaka wa nane.

Kituo chetu kina watoto thelathini na wanne, na wengine kama hao tunawahudumia wakiwa kwa bibi zao. Wa kituoni wamezoea kupigwa picha. Mgeni akitoa simu tu wanajipanga, na lazima mmoja aulize, "Mwalimu, tucheke au tusicheke?" Wanajua kuna picha za aina mbili. Ya kucheka ni ya kushukuru, hutumwa fedha ikishafika. Ya kutocheka ni ya kuomba. Mimi ndiye niliyewafundisha, ingawa siikumbuki siku niliyotoa somo hilo.

Kwa hiyo dada aliposema apige picha ya mama kitandani hospitalini ili tuirushe kwenye magrupu ya ukoo na ya waliosoma pamoja nasi, nilikubali upesi. Nikamwelekeza hata mwanga utoke upande gani. Mama akakataa. Aliinuka, akataka kanga yake ya kutokea, akataka kilemba, akamwongoza dada mpaka ng'ambo ya barabara palipo na bahari, akasimama wima kama anayekwenda kwenye harusi. Alisema hana haja ya kuhurumiwa na watu waliokula machungwa yake barabarani miaka ishirini, wengine kwa mkopo ambao hawajaulipa mpaka leo. Tukarusha picha hiyo. Watu wakaandika, "Mama amependeza." Michango ikaja ya kusuasua.

Ugonjwa wenyewe ni kansa ya shingo ya kizazi. Ninaandika hivi sasa bila shida, lakini mwezi ule wa Julai nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Mtoto wa kiume anaanzia wapi kulisema jambo la mama yake lililoko huko? Nilisema "tumbo." Kwenye grupu dada aliandika "uvimbe." Mama mwenyewe alikaa mwaka mzima akiona dalili na akanyamaza, alipokwenda zahanati moja akapewa dawa za mkojo, akarudi, akapewa tena, mara tatu. Hakuna aliyemfanyia kile kipimo cha siki, ambacho muuguzi hupaka siki ya kawaida kwenye shingo ya kizazi na kutazama kama panageuka rangi kuwa peupe. Siki ileile ya kachumbari. Hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na mlango wake wa kwanza unafunguliwa kwa chupa ya siki.

Kutoka Muheza akapelekwa hospitali ya Bombo, Tanga, kutoka Bombo akapelekwa Ocean Road, Dar es Salaam. Mpango ulikuwa huu: mionzi ya nje siku tano za wiki kwa wiki tano, dripu ya dawa mara moja kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Watu hudhani kinachomaliza fedha ni hospitali. Katika hospitali ya serikali unaweza kwenda ustawi wa jamii, ukaeleza hali yako, ukapata msamaha wa sehemu. Dada alikwenda akaupata. Sera iliwasamehe wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea, lakini mama alikuwa na 58, kwa hiyo alihesabiwa kijana. Fedha inakwisha nje ya geti: chumba, chakula kinachokaa tumboni, bajaji kwa sababu daladala za Mbagala hawezi tena kusimama ndani yake, vipimo ambavyo mashine yake leo ni mbovu ukapime mtaani, na dada aliyeacha genge lake ili amuuguze. Ukoo ulikaa kikao kwa simu, ukagawana. Fungu langu likawa 1,500,000. Kaka yetu mkubwa alisema ni dogo. "Wewe si unakaa na Wazungu?"

Posho yangu haifiki laki nne. Nilichukua ya miezi ya mbele, nikauza mbuzi wangu wawili, nikapata 600,000. Iliyobaki ilikuwa upande wa kushoto wa daftari, imetawanyika kutoka Rusumo mpaka Biharamulo.

Kuna jambo jingine alilolisema kaka, akiwa ameshatoka kwenye grupu na kunipigia peke yangu. Alijua kituoni kuna kisanduku. Kilikuwa na 1,360,000, za mahindi na sare za muhula. "Azima hapohapo, utarudisha kidogo kidogo. Nani atajua?" Ndiyo maana asubuhi ile nilimgongea mama mlezi nikamwachia ufunguo. Akashangaa, miaka yote nimesafiri nao shingoni. Nikamwambia naogopa kuupoteza njiani. Asije mtu akasema ulikuwa uadilifu, nilikuwa najijua.

Ahadi haifuatwi kwa simu. Kwa simu mtu yuko kwenye kikao, yuko msibani, mtandao unakatika. Ukisimama mbele yake, umepauka kwa vumbi, fedha huonekana. Rusumo nilikuwa na Mtanga mwenzangu, wakala wa forodha, aliyeahidi laki moja. Ukiteremka kule darajani simu inakupa salamu za mtandao wa Rwanda, na saa yake inarudi nyuma saa nzima, maana wenzetu ng'ambo hutofautiana nasi kwa saa moja. Kwa hiyo nilifika saa nne na wakati huohuo saa tatu. Chini Mto Kagera unapita ukinguruma kwenye mwamba, rangi ya chai ya maziwa, umeshachukua maji ya Ruvubu, na bwawa la umeme la nchi tatu linafanya kazi yake ya megawati 80. Nilisubiri kwenye foleni ya malori mpaka mchana. Mtanga wangu alipotoka alinitazama, akanishika mkono, akaniingiza kwenye mgahawa na kuniagizia wali. Hakuniuliza mama anaumwa nini. Alisema tu, "Mama zetu wale," akahesabu 100,000, kisha akaondoka na daftari langu kwenda kwa wenzake. Alirudi na 60,000 nyingine za watu ambao sijawahi kuwaona. Nilitia majina yao yote.

Nikapanda kurudi mpaka Benaco. Jina hili si la Kihangaza wala la Kinyarwanda. Ni la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, likabaki kambi ilipoondoka. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa ishirini na nne tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja lile nililotoka, wakapanda njia ileile wakaja kukaa hapa. Walirudi kwao Desemba 1996. Ukipita leo utaona maduka, malori, mahindi ya kuchoma, na kama hujaambiwa huwezi kujua.

Mama mmoja muuza maharage, anayeniuzia ya watoto kila baada ya mavuno, alikuwa msichana mwaka ule. Alinihadithia huku akipepeta. Watu walilala mpaka kwenye mlango wa baba yake. Miti yote ya kilimani ilikatwa kwa kuni ndani ya wiki chache, na baba yake, mtu mkali, hakumfukuza mtu mpaka walipofikia mwembe. "Mwembe aliukatalia," akasema, akacheka. Alitoa 2,000. Nikajua ile ni faida yake ya asubuhi, nikaanza kusema maneno ya adabu, akanikata: niandike jina lake vizuri, ana herufi mbili za y. Wengine hapo Benaco wakatimiza 23,000. Siku ya kwanza 185,000.

Jumamosi ndiyo siku iliyonipa tabu, na si kwa sababu ya barabara. Kutoka Murugarama kwenda Rulenge ni udongo mwekundu, na kiangazi ukipishana na lori unafumba macho na kuomba kwamba dereva wa bodaboda hajafumba ya kwake. Rulenge ni mji wa zamani wa misheni, jina lake ndilo lililotangulia katika jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara. Pale nilikuwa na ahadi tano. Nilipata tatu, 62,000, na mmoja wa wale wawili nilimwona akitoka kwa mlango wa uani.

Nilikusudia kupita moja kwa moja hadi Nyakahura, lakini njia inapita karibu na kwa bibi mmoja anayelea wajukuu wanne, ambao wako kwenye daftari la kijani. Tunampa magodoro, sare, mahindi ya miezi ya njaa. Kupita bila kumsalimu ingekuwa aibu, na mimi kilichonipeleka kilikuwa salamu tu, jina lake halikuwa kwenye daftari jekundu wala nisingethubutu kuliweka. Mkoa huu una bibi wengi wa namna hii. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kugunduliwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983, enzi ambazo watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda, na kizazi cha katikati kikapukutika, bibi akabaki na wajukuu. Dawa za kufubaza zikaja kutolewa bure kuanzia 2004, lakini bibi hawajapumzika. Kule Nshamba, Muleba, liko shirika liitwalo Kwa Wazee ambalo tangu 2003 huwapa wazee hao pensheni ya kila mwezi mkononi, waamue wenyewe wanunue nini. Sisi bado tunapeleka magodoro.

Aliniweka kwenye kigoda kivulini, akaniletea maziwa ya mgando. Wajukuu walikuwa shambani.

"Mwalimu umekonda," akasema. "Nyumbani hawajambo?"

"Mama anaumwa, bibi. Yuko Dar es Salaam."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo la juu au la chini?"

Nikanywa maziwa. Akangoja. Alikuwa akimenya ndizi, kisu hakikusimama.

"Anatoka damu?"

Nikamwambia ndiyo. Ndipo kisu kikasimama. Akaniambia habari ya binti yake, mama wa wale wanne, ambaye katika mafaili yetu tumeandika "alifariki kwa ugonjwa." Alitoka damu mwaka mzima. Mume alisema karogwa, akaondoka. Bibi alimpeleka kwa waganga wawili, akauza shamba la kahawa, na mwisho hospitali ambako walimwambia amechelewa, angekwenda Bugando, Mwanza, lakini Mwanza ilikuwa na nauli na yeye alikuwa hana tena kahawa. Walimtaja huo ugonjwa kwa jina refu. Hakulishika. "Unaitwaje?"

"Kansa ya shingo ya kizazi," nikasema, mara ya kwanza kwa mdomo wangu, mbele ya mwanamke wa miaka sabini na zaidi, mchana kweupe.

Alilirudia polepole, kama mtu anayejifunza jina la mkwe. Halafu akaingia ndani, akazunguka uani, nikasikia kuku wakipiga kelele. Akarudi na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba ya mgomba.

Nilikataa. Nilisema yote ninayoweza kusema: kwamba mimi ndiye wa kumletea, kwamba kituo hakiruhusu, kwamba watoto watakula nini. La kituo lilikuwa la kweli, tuna kanuni iliyoandikwa, niliiandika mimi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Miaka mitano unakuja hapa na gari, unashusha, unanipiga picha na godoro, unaondoka," akasema. "Unadhani ni wewe peke yako unayejua kutoa?"

Nikampokea jogoo.

Kusafiri na jogoo kwenye bodaboda si kazi nyepesi kwa mtu ambaye fikra zake haziko sawa. Mpaka Nyakahura alinipiga mabawa usoni, akanichafua koti la watu. Nyakahura nikapata mchomoko, tukapangwa watu wanne kiti cha nyuma, na jogoo akawa wa tano. Abiria wote wakawa na neno. Mmoja alitaka kujua kama ni mahari.

Lusahunga ni mji wa malori. Usiku yamejipanga pande zote mbili, ya kwenda Kigali, Bujumbura, Goma, na chini ya matrela watu wanapika. Zamani magari ya mkoa huu yalipita maporini kwa kusindikizwa na polisi wenye silaha kwa ajili ya majambazi, na madereva wa siku hizo wangali wakisimulia kana kwamba ni jana. Nilizunguka na jogoo nikinadi. Nilianza na 25,000. Dereva mmoja, mtu wa Singida kwa lafudhi yake, akasema 12,000, halafu akanimulika kwa tochi ya simu: mtu mzima, koti kubwa lisilomkaa, jogoo mzuri, saa tatu za usiku.

"Huyu si wa wizi?"

Sikuwa na cha kumwonyesha zaidi ya daftari. Akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye jina la bibi nililokuwa nimeliandika saa nane mchana, mbele yake "jogoo," akauliza sasa bei yake naandika ngapi. Nikamwambia utakayotoa. Akatoa 18,000. Kisha akaita wenzake, na mama ntilie wake, wakachanga 40,000. Kumbe mke wa mmoja wao alikuwa Ocean Road mwaka juzi. Alinieleza ni mlango gani wenye foleni fupi, na kwamba nimwambie dada asiache kumpa mama maji mengi wiki za mionzi. Jogoo alichinjwa palepale. Niliulizwa kama nitakula, nikasema nimeshiba, na nilikuwa sijala tangu yale maziwa.

Jumapili Biharamulo. Kwa hapo nilikuwa nimeandikiwa barua ya utambulisho kanisani, dakika tano baada ya matangazo. Nilishazungumza mbele ya makanisa mengi kwa ajili ya watoto. Najua pa kutua, najua pa kunyamaza. Nilipanda pale nikajikuta sina hata sentensi moja. Hotuba yangu yote ya siku zote inaanza na "watoto hawa hawana mtu." Mama yangu ana watu. Ana mimi. Ningeanzaje?

Nikasema mama yangu ana kansa ya shingo ya kizazi, anatibiwa, fungu langu ni kiasi fulani, nimepungukiwa. Nikashuka. Haikufika dakika moja. Kanisa likanyamaza, wazee wa mbele wakatazama viatu vyao. Aliyevunja kimya ni muuguzi mmoja kwenye kwaya. Alisimama bila kuitwa akasema kina mama waje kliniki kesho, kipimo ni bure, ni cha dakika chache, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wasikose kabisa kwa sababu hatari kwao ni mara sita. Akaongeza kwamba wasichana wa miaka 9 hadi 14 sasa chanjo yao ni dozi moja tu, siyo mbili kama ilipoanza mwaka 2018. Mchungaji alimwacha amalize. Nikawakumbuka wasichana wetu watano waliochanjwa shuleni Aprili. Nilisaini fomu zao pamoja na za minyoo, sikusoma.

Kapu lilipita. Lilipohesabiwa vestri lilikuwa na 238,500, pamoja na pakiti ya kahawa na noti ya faranga za Burundi ambayo hakuna aliyejua thamani yake.

Jioni nilipanda mpaka boma la Wajerumani, lile lenye kuta nene juu ya mji, kwa sababu huko simu inashika vizuri. Nikampigia mama. Alikuwa amekaa nje ya Ocean Road akisubiri dada alete bajaji. Huwa anapenda kukaa hapo apigwe na upepo wa bahari. Nikamwambia niko kwenye jengo la Wajerumani. Akasema na yeye. Kweli: lile la kwake walilimaliza 1897, hospitali ya Wazungu tu, karibu karne nzima kabla haijawa taasisi ya kansa mwaka 1996. "Basi tuko nyumba moja," akasema. Akaniuliza kina nani wametoa. Nikamsomea. Nilipofika kwa bibi akanisimamisha, akataka habari yote, na nilipomaliza akakaa kimya hata nikadhani salio limekwisha.

"Umemla?"

"Nimemuuza, mama."

"Ah. Jogoo wa kupewa."

Usiku kwenye gesti nilipiga hesabu. Nilikuwa nimekusanya 543,500, nikatoa nauli na malazi 56,000, zikabaki 487,500. Pungufu 412,500. Niliiandika namba hiyo, nikaitazama, na palepale namba nyingine ikaja yenyewe, ile ya kisanduku, na nikaona jinsi hii inavyoingia ndani ya ile bila hata kuijaza. Nilikuwa na simu ya mama mlezi. Ningemwambia tu afungue. Nilizima taa, nikaiwasha, nikaizima. Asubuhi niliamkia kwa wakala nikatuma zile nilizokuwa nazo, na kaka aliponijibu "tutaanza na hizi" nilimchukia kwa upole wake.

Nilirudi Ngara Jumatatu jioni. Mama mlezi akanirudishia ufunguo bila kuuliza neno. Watoto walitaka kujua koti limefanya nini. Baadaye mama akatuma ujumbe kwa simu ya dada: anaomba kuwaona hao watoto anaowaombea, kila siku anawaombea bila sura.

Nikawaita uani. Wakajipanga, wadogo mbele.

"Mwalimu, tucheke au tusicheke?"

Nilikuwa nimeshainua simu. Nikawaambia ni ya bibi, mama yangu. Hilo halikuwajibu, wakatazamana. Mmoja akakimbia ndani kubadili shati. Wengine wakamfuata, wengine wakabaki wanabishana, wawili wakaanza kusukumana, na picha niliyoipata ni ya watoto wachache wenye nyuso za kila aina na nusu yao wakiwa mgongo. Nikaituma hivyohivyo.

Majibu yalikuja saa nne usiku. Kwanza sauti ya mama, imekauka kwa mionzi lakini kali: "Huyo wa mwisho kushoto mbona hana viatu na baridi yote hiyo?" Halafu, kabla sijajibu, simu ikalia tena. Nimepokea 15,000.

Nimekaa mezani, madaftari yote mawili yako wazi, kalamu ninayo. Hizo ni kati ya fedha nilizotuma Jumatatu. Huenda ndizo za jogoo, kasoro elfu tatu. Jekundu lina upande wa ahadi na upande wa zilizofika, halina pa kuandikia zilizorudi. Na kwenye la kijani, mahali pa jina la mfadhili, sijui niandike nini.